Vichaka Sita vya Bluberi

Kisiwani Goziba,
15 Januari 2023

Mama Agnetha wangu,

Nakusalimu kwa salamu nyingi kuliko dagaa wote walioanikwa hapa leo, na leo wameanikwa mpaka hakuna pa kukanyaga.

Kwanza acha kunung'unika kwamba sipigi simu. Mtandao wa Goziba unapatikana juu ya jiwe moja tu, na juu ya jiwe hilo wamesimama wavuvi kumi, kila mmoja anampigia kelele mke wake. Maneno yangu na wewe si ya kupigiwa kelele mbele ya watu wa Ukerewe. Nimenunua daftari. Barua zitabebwa na Twaibu, nahodha wa boti ya abiria, mpaka Muleba kwa mdogo wako Anatolia pale sokoni kwenye vitenge vyake, naye atazipandisha basi mpaka Izimbya. Na wewe jibu kwa njia hiyo hiyo. Ndivyo wanavyofanya wakubwa. Wakubwa hawapigi simu, wanaandika.

Sasa keti. Umekaa? Nakutumia miche sita ya bluberi.

Najua utauliza bluberi ni mnyama gani. Ni kichaka, Mama Agnetha. Kinafika kifuani kwa mtu, majani yake yanameremeta kama yamepakwa mafuta ya nazi, maua yake meupe yananing'inia kama vikengele vidogo. Halafu matunda. Madogo, ya buluu, yamepakwa vumbi jepesi kama poda ya bibi harusi, na kila tunda kitakoni lina taji lake. Tunda linazaliwa limeshavikwa taji, hebu fikiria! Nilipokuwa mpishi kule Limuru, Kenya, yule mama niliyempikia hakuwa na maua mbele ya nyumba yake. Alikuwa na bluberi. Uwanja mzima wa mbele unaliwa! Mgeni anashuka kwenye gari, anachuma kulia, anachuma kushoto, akifika mlangoni ameshashiba nusu.

Na ladha yake? Ukiiuma, mwanzo inakuja baridi kama maji ya mtungi. Katikati utamu wa muwa. Na mwisho kabisa, ukishameza, moshi kidogo, kama wa samaki aliyebanikwa na mtu anayejua. Mimi nimezila mpaka nikazichoka.

Rafiki yangu Rwegasira, dereva wa roli, ameitoa miche hiyo Kenya na ataishusha Muleba kwa Anatolia. Panda vitatu kulia kwa njia na vitatu kushoto, kuanzia pale unapoanika kahawa mpaka mlangoni.

Siku vitakapozaa, niandikie. Siku hiyo hiyo nafunga ofisi naja. Nitaingia nikichuma kulia, nikichuma kushoto, na hakuna mtu atakayeniuliza ile boti niliyoahidi iko wapi.

Mumeo,
Meneja Joackim Kagaruki

*

Izimbya,
26 Februari 2023

Baba Agnetha, waitu, mpenzi wangu,

Barua yako imefika, na miche imefika. Niliifuata mwenyewe Muleba. Anatolia alikuwa ameipanga mbele ya vitenge, na kila mteja akiuliza anamwambia ni dawa ya waume wasiorudi nyumbani. Nusu ya wanawake wa Muleba walitaka kuninyang'anya.

Kwenye basi nilivipakata viwili, na vinne niliviweka miguuni. Kondakta akasema, "Mama, hao watoto sita nao wana tiketi?" Nikamwambia baba yao ni meneja. Akaenda kudai nauli wengine.

Nimepanda kama ulivyosema. Jirani yetu Rweyemamu alisimama kwenye njia na fimbo yake kuanzia shimo la kwanza mpaka la sita.

"Dativa, hivyo ni nini?"

"Bluberi."

"Vinatafunwa kama kahawa au vinachemshwa?"

"Vinachumwa tu, vinaliwa."

"Sasa chakula kinapandwaje mbele ya nyumba? Chakula mahali pake ni kibanjani, kwenye migomba. Mbele ya nyumba ni pa kukaa watu." Kisha akacheka. "Kagaruki huyu! Alituahidi boti, ametuletea vijiti."

Lakini nataka ujue kwamba navitunza. Kila asubuhi nikishatoa majivu jikoni navipelekea kwanza, ndipo naikumbuka migomba. Samadi nimeomba kwa huyo huyo Rweyemamu. Mae, mama yangu, alinifundisha kwamba mmea unaoupenda unaupa majivu ya jiko lako mwenyewe, na hivi nimevipa mpaka migomba imenuna.

Umeandika kwamba siku vitakapozaa utarudi. Ni mwaka wa nne huu tangu harusi ya Agnetha. Nimekaa nikaifikiria hiyo sentensi yako kwa muda mrefu. Na visipozaa?

Mkeo,
Dativa

*

Goziba,
9 Machi 2023

MAMA AGNETHA!

USIWEKE MAJIVU!

Nimesoma barua yako nikaangusha mwiko, yaani kalamu. Kosa ni langu, mimi mtu wa dunia nzima, nikasahau neno moja. Bluberi na majivu ni maadui. Kule Limuru mtunza bustani alimwaga debe moja la majivu, siku hiyo hiyo alifungasha nguo zake. Na samadi usiweke. Hivi vichaka si kama sisi Wahaya, havipendi kunenepeshwa. Vinataka udongo mchachu, udongo wa njaa, ule ambao mtu akiuona anasikitika. Yule mama alikuwa anavitandikia majani makavu ya mipaini, basi, na maji.

Toa majivu yote. Kwangua na udongo wa juu uutupe. Fanya leo.

Na usiniulize visipozaa. Vitazaa. Twaibu anawasha mashine sasa hivi, namkimbizia barua hii majini na viatu vyangu.

Kagaruki

*

Izimbya,
18 Juni 2023

Mdogo wangu Anatolia,

Barua hii ni yako peke yako. Ukimaliza kuisoma itie kwenye jiko.

Ile barua ya Baba Agnetha ya mwezi wa tatu imenifikia jana. Jana, Anatolia! Umeniambia Twaibu aliisahau kwenye mfuko wa koti la mvua, kisha boti ikaharibika mashine akaenda kuitengeneza Mwanza miezi mitatu na koti lake. Simlaumu. Koti ni lake.

Barua yenyewe inasema nisiweke majivu.

Vilianza kuwa vyekundu pembeni mwa majani. Nikasema vina baridi. Kisha vikawa vya njano, mishipa tu imebaki kijani. Nikasema vina njaa, nikaongeza majivu. Kadiri vilivyozidi kuwa vya njano ndivyo nilivyozidi kuvilisha. Wiki ya Pasaka nilivipa majivu mara mbili kwa siku, na nikaviombea. Nimeviua mwenyewe, mdogo wangu, kwa kuvipenda.

Vitano nimevitia jikoni leo asubuhi. Vimewaka vizuri, hilo naweza kuvisifia. Cha sita kilikuwa na kidole kimoja cha kijani kwenye shina, nikashindwa kukichoma. Nikakibeba na bonge lake la udongo mpaka rweya, kule kwenye nyasi tupu ambako hata muhogo unakataa, nikakitupa karibu na ile chemchemi ya zamani tuliyokuwa tunachota kabla ya bomba. Nilitaka kife mahali nisipokiona.

Alisema siku vikizaa ndiyo siku atakayorudi. Sasa nimwambie nini? Nikimwambia vimekufa, atakuwa amepata sababu ya kukaa huko mpaka azeeke, na hata hatakuwa na kosa.

Kwa hiyo nitamdanganya. Usinisaliti kwa shemeji yako.

Dada yako,
Dativa

*

Izimbya,
18 Juni 2023

Baba Agnetha,

Usiwe na wasiwasi. Majivu nilikuwa nimeshaacha mwenyewe kabla ya barua yako kufika, moyo ulinikataza tu. Vyote sita ni vizima. Vimefika magotini. Asubuhi umande ukivikalia vinang'aa, na mimi nakaa mlangoni na kikombe changu cha chai nikiviangalia.

Cha tatu kulia ndicho kikubwa kupita vyote. Kina kiburi. Nimekiita Kagaruki.

Mkeo,
Dativa

*

Goziba,
26 Novemba 2023

Mama Agnetha wangu,

Senene wamefika hata huku, na wamekaangwa, na nimewasifia mbele ya watu wa Mwanza wasiojua kitu. Mmoja akasema ni wadudu. Nikamwambia ndugu yangu, wewe unakula dagaa na macho yake, leo umeona wadudu?

Sikiliza ndoto niliyoota. Jana mchana, baada ya kazi, nilijilaza kwenye kivuli cha mtumbwi uliopinduliwa. Nikaona uwanja wetu. Lakini ulikuwa mrefu! Ulianzia mlangoni ukashuka, ukapita Muleba, ukaingia ziwani bila kulowa, ukanifikia hapa nilipolala. Na pande zote mbili bluberi, kulia na kushoto, buluu tupu, mpaka anga ilikuwa inaziazima rangi. Yale maua yake ya vikengele yalikuwa yanalia, polepole, kama kengele za misa zinapolia kijiji cha pili. Wewe ulikuwa unakuja katikati, umevaa lile gauni la siku ya harusi ya Agnetha, huna haraka. Kila unapopita matunda yanainama. Na ziwa lilikuwa limesimama pembeni, limevua kofia, kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Nikajua nikinyoosha mkono nitachuma. Nikanyoosha.

Hapo mtu akaniamsha akauliza ugali uko tayari?

Meneja huwa anaulizwa kila kitu, ndiyo taabu ya cheo.

Tangu siku hiyo nikifumba macho tu uwanja uko pale. Wengine hapa wana picha za wake zao kwenye simu. Mimi nina uwanja. Niambie zaidi. Kagaruki wa tatu kulia anaendeleaje? Amefika kiunoni? Rweyemamu anasemaje sasa, na fimbo yake?

Mumeo anayelala mchana,
Meneja J. Kagaruki

*

Izimbya,
28 Januari 2024

Baba Agnetha,

Kagaruki wa tatu amefika kiunoni na ananiziba njia, nikipita na ndoo ananishika gauni. Wa kwanza kushoto ni mpole. Juzi ilinyesha mvua ya jua, kila jani likashika tone lake, nikasimama katikati sikujua niangalie kulia au kushoto. Rweyemamu siku hizi akipita anavua kofia.

Ndoto yako nimeisoma mara nyingi. Lile gauni bado lipo. Linanitosha.

Umeandika nilikuwa sina haraka. Kwenye ndoto, labda.

Dativa

*

Muleba,
14 Aprili 2024

Dada yangu,

Nakuandikia nikiwa nimekasirika, kwa hiyo mwandiko uvumilie.

Leo Twaibu alikuja kuchukua barua zenu, mvua ikamzuia, akakaa kwenye kiti changu. Nikamuuliza kwa utani, "Huyo shemeji yangu meneja, ofisi yake ina viti vya kuzunguka?" Akacheka mpaka akakohoa. Dada, shemeji ni mpishi. Anapika ugali wa watu thelathini, asubuhi na jioni. Hana ofisi, hana boti, hana hata kiti. Ana mafiga. Twaibu anasema anapendwa kisiwa kizima. Mtu akiumwa ndiye anayempelekea uji, na mtu akifiwa ndiye anayemchekesha. Lakini ukimtajia kurudi kwao anageuka kukoroga sufuria.

Anaogopa nini? Unakumbuka siku ya harusi ya Agnetha alivyosimama na kipaza sauti mbele ya wakwe, akasema mwakani ataingia Bukoba kwa boti yake mwenyewe, na padri akapiga makofi. Ndicho anachoogopa. Kile kipaza sauti.

Sasa nisikilize, maana mimi ndiye posta yenu na nimechoka. Yeye kule anatunza ofisi isiyokuwepo. Wewe hapo unatunza bustani isiyokuwepo, na majina umeipa. Nimesoma hiyo ya "ananishika gauni". Ndiyo, nimeisoma, bahasha haikufungwa vizuri. Nikalia sokoni, mteja akaniuliza nimepungukiwa nini.

Mwambie vimezaa. Basi. Arudi aone uwanja mtupu, akasirike akiwa nyumbani, ale, alale, asamehe. Hasira ya mtu aliye nyumbani ina dawa.

Mdogo wako,
Anatolia

*

Izimbya,
7 Julai 2024

Baba Agnetha, waitu,

Vimezaa.

Nilitaka niandike neno hilo tu nikufungie bahasha, lakini utataka kujua. Ilikuwa Jumapili, nimetoka kanisani. Nikaona buluu kwenye cha tatu kulia, nikadhani ni uzi wa kitenge umenasa. Kumbe ndizo. Zina poda kama ulivyosema, na zina taji.

Nimeionja moja. Ni kweli kabisa. Mwanzo baridi kama maji ya mtungi. Katikati utamu wa muwa. Na mwisho, ukishameza, ule moshi kidogo, kama wa samaki aliyebanikwa. Nilisimama pale mpaka moshi ukaniishia mdomoni.

Uliahidi. Nami nimekuandikia.

Mkeo,
Dativa

*

Goziba,
10 Agosti 2024

Dativa,

Leo sikuiti Mama Agnetha. Leo nakuita jina lako, kama siku ile nilipokuja kwenu kukuposa na viatu vya kuazima.

Barua yako niliisomea jikoni. Nilipofika kwenye neno vimezaa nilirukaruka, vijana wakadhani nimeungua. Nikasoma tena. Poda, nikasema sawa. Taji, sawa. Maji ya mtungi, muwa, sawa. Kisha nikafika kwenye moshi, nikakaa chini.

Dativa, ule moshi niliuweka mimi.

Sijawahi kuonja bluberi. Limuru nilikuwa nazichuma, naziosha, nazipanga kwenye bakuli la kioo, nazipeleka mezani. Miezi kumi na minne. Niliogopa kula hata moja, kwa sababu zinaacha rangi ya zambarau kwenye vidole na kwenye ulimi, na yule mama alikuwa na macho. Nilipokuwa nakuandikia ile barua ya kwanza nilifika kwenye ladha nikakwama. Mtu aliyezunguka dunia nzima atasemaje hajui ladha? Nikatazama pembeni, kulikuwa na samaki motoni. Nikaandika moshi.

Sasa wewe umezila, na umekuta moshi wangu ndani. Nikajua hujala. Na kama hujala, hazipo.

Nilikaa pale nikisubiri hasira ije, nikaifungulia na mlango. Haikuja. Badala yake nikawaza, huyu mwanamke amenitunzia vichaka visivyokuwepo mwaka mzima, amenipalilia, amenimwagilia, kimoja amekipa jina langu na kiburi changu. Mtu anayedanganya namna hiyo anataka nini? Boti haitaki, hajaitaja hata siku moja. Anataka mimi niingie getini. Mimi huyu, niliyeishia darasa la sita B, ikabidi barua nizisome zote upya ndipo nielewe jambo ambalo mtoto angelielewa kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo na mimi nakupa langu. Si meneja. Ni mpishi. Ofisi yangu ni mafiga matatu na sufuria moja inayovuja, na lile neno mwiko kwenye barua ya majivu halikuwa kosa la kalamu. Boti sina, na sitakuwa nayo. Siku ile ya harusi nilishika kipaza sauti nikaona watu wote wananitazama kwa upendo, nikataka kuwapa kitu, na mfukoni sikuwa na kitu ila maneno. Nikawapa boti. Miaka mitano na ushee nimekaa kwenye kisiwa nikiogopa maneno yangu mwenyewe, kama mtu aliyefungia mbwa nyumbani kisha akaogopa kuingia.

Sitaki kujua vichaka vilikufaje. Nadhani najua. Barua yangu ilichelewa, na wewe ulivipenda mapema.

Nakuja Jumamosi, tarehe 24. Twaibu ananivusha, Muleba napanda basi la saa nne. Nitapita katikati ya uwanja mtupu nikichuma hewa kulia na hewa kushoto, na Rweyemamu acheke mpaka akae chini kwenye fimbo yake. Nikifika mlangoni nitakuwa nimeshiba nusu. Ile nusu nyingine utanipikia, au nikupikie, maana nimekuwa mpishi mzuri sana, na hilo si majigambo, waulize watu thelathini.

Joackim Kagaruki,
Mpishi

*

(Karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa nta ya mshumaa)

Izimbya,
24 Agosti 2024, asubuhi

Joackim,

Ukisoma hii umeshapita uwanjani na umeona. Ni mtupu, kama ulivyosema. Mashimo sita niliyafukia kwa aibu. Mlango uko wazi lakini mimi simo, na nakuomba usiingie kwanza.

Nilipopata barua yako nililia, kisha nikacheka ule moshi mpaka mbuzi wa jirani akanikodolea macho. Kisha nikasema mtu huyu nitamtandikia nyasi mpya sebuleni, kama anavyotandikiwa mgeni wa heshima. Nikabeba mundu nikaenda rweya. Nyasi zote za karibu zimeungua na moto wa kiangazi. Nikatembea mpaka kwenye ile chemchemi ya zamani, kwenye unyevu, ambako moto haufiki. Tangu bomba lije sijawahi kupita huko, isipokuwa siku moja tu, siku niliyokwenda kutupa kile cha sita.

Joackim, kimefika kiunoni.

Nilikitupa na bonge lake, kikalala ubavu, kikashika ardhi hiyo hiyo. Udongo wa rweya. Udongo mchachu, wa njaa, ule ambao mtu akiuona anasikitika. Maisha yetu yote tunakata nyasi rweya tunazileta kibanjani, hakuna mtu aliyewahi kufikiria kuuleta udongo wake mbele ya nyumba. Majani yanameremeta kweli. Na zipo. Buluu. Zina poda. Nimeligeuza tunda moja nikaona taji lake, nikakaa kwenye nyasi nikasahau mundu nimeuweka wapi.

Hiyo ilikuwa juzi, na zilikuwa kumi na moja. Jana zilikuwa tisa, ndege wameshapata habari. Ndiyo maana sipo nyumbani kukupokea. Nimekuja tangu alfajiri kukaa hapa na kitenge changu nawafukuza. Nimevaa lile gauni. Watu wanaopita wanadhani nimerukwa na akili. Rweyemamu amepita, nikamweleza, akachuchumaa akatazama kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe vijiti vyenyewe vilikuwa vinachagua pa kukaa." Kisha akaniachia fimbo yake ya kufukuzia ndege.

Zunguka nyuma ya nyumba, pita kwenye migomba, fuata njia ya chemchemi. Chukua jembe na debe pembeni mwa mlango, nimekuwekea. Hiki kichaka hatukihamishi, kimeshateseka vya kutosha. Tutabeba udongo wa rweya, safari kumi, safari ishirini, tuujaze kwenye yale mashimo sita, na Rwegasira atatuletea miche mingine. Majivu nitaipa migomba, iache kununa.

Sijaonja hata moja. Nakungoja na midomo mikavu. Ukifika tutachukua moja moja, tutaiuma kwa pamoja, tufumbe macho. Halafu kila mmoja atasema ladha aliyoikuta humo, hiyo hiyo, bila kuongeza kitu.

Njoo. Haraka ninayo.

Dativa